Kutembea ndani ya VR, kwa nyie mnaoanza projekti zenu

Wadogo zangu wa Mbeya na Iringa mnaoanza projekti za VR, ile dunia ya kompyuta unayoingia kwa kuvaa miwani, swali lenu huwa lilelile, mtu atembee kwa joistiki, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole, au kwa kutelepoti, yaani anaelekeza mahali na kurukia hapo papo hapo? Mi nasema amua kwanza anaingia mule kufanya nini.

Ukitengeneza Kimondo cha Mbozi, lile ni jiwe moja la mita 3 hivi, mwache mtu alizunguke kwa miguu yake, chumba kikiwa na nafasi hakuna kinachoishinda hiyo. Mtafiti Usoh na wenzake walionyesha tangu 1999 kwamba anayetembea kweli, hata anayepiga hatua palepale aliposimama, anajihisi yuko mule kuliko anayepaa kwa kitufe.

Isimila ya Iringa sasa ni habari nyingine, lile bonde na nguzo zake haviingii darasani. Hapo joistiki inampa mtu njia nzima, ila macho yanaona mwendo wakati sikio la ndani linasema umesimama, basi kichefuchefu hicho. Ni kinyume cha kusoma simu basi likishuka Kitonga, pale mwili unasikia kona ila macho yametulia kwenye kioo. Kutelepoti kunapunguza sana hiyo shida maana hakuna mwendo wa kuona, lakini mtu akiruka mara kadhaa muulize katokea wapi, wengi wanababaika, na kwa sehemu ambayo utamu wake ni kuipita taratibu mi naona hiyo ni hasara kubwa. Kwaiyo Isimila ningeweka joistiki ya mwendo wa pole, kugeuka kwa vipande vya digrii 30, na kingo za picha zijifunge kidogo mtu akisogea, watafiti Fernandes na Feiner 2016 waliona inasaidia kupunguza kichefuchefu, na kutelepoti kubaki kwa anayeshindwa.

Mkipima sasa, jamani, msiwaite washkaji wa gemu peke yao, mwiteni na mama wa kantini na mlinzi. Nusu waanze na joistiki nusu na kutelepoti, wapumzike vya kutosha katikati, la sivyo kichefuchefu cha kwanza mtakihesabia njia ya pili. Tumieni dodoso la Kennedy la 1993 la kupima kichefuchefu cha aina hii, lina dalili 16, lijazwe kabla na baada, alafu mwambie mtu aonyeshe kwa kidole alikoanzia, mpime kakosea digrii ngapi. Akisema tu kichwa kinazunguka mvueni miwani hapohapo, akae, na asipande bodaboda mpaka kimtulie kabisa.