Usinunue hiyo tiketi ya treni: Cherkassk ziko mbili

Mdogo wangu, hiyo tiketi usinunue.

Umeandika kwamba bi mkubwa anakuja Rostov, huko kusini mwa Urusi, kwenye mahafali yako, una Jumapili moja tu ya kumtembeza, na kuna jamaa kakwambia upande treni ya asubuhi mpaka "Cherkassk" mkaone kijiji cha kale cha Wakosaki, wale wapiganaji wapanda farasi wa Urusi, kilichofufuliwa kwa ajili ya wageni. Umeuliza nauli, chakula, mavazi ya mama kanisani na zawadi za kurudi nazo. Nauli na chakula nitavigusa mbele, mavazi na zawadi siku nyingine. Ila hilo neno "treni" limenitoa jasho, maana Starocherkasskaya, yaani hiyo Cherkassk ya kale unayoitaka, haina reli. Treni ya huko unakoambiwa inakupeleka Novocherkassk, na Novocherkassk ndiko nilikompeleka baba yangu mwaka 2019.

Cherkassk ya kale iko kando ya mto Don, kama kilomita 30 kutoka Rostov. Hiyo ndiyo stanitsa, jina ambalo Wakosaki huita kijiji chao. Ilikuwa makao makuu ya Wakosaki wa Don tangu 1644. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, mto ulikuwa unafurika na maji yanaingia mpaka majumbani. Ndipo mkuu wao, ataman Matvei Platov, mwaka 1805 akahamishia makao kilimani, mbali na Don, akaanzisha Novocherkassk. Ile ya zamani ikabaki kijiji. Mji haukujengwa juu yake, ndiyo maana mpaka leo unakuta nyumba zao za kale, wanaziita kuren: chini matofali au mawe, juu mbao, na baraza ya mbao imezunguka ghorofa ya juu. Maji yakipanda, watu wanahamia juu. Mwaka 1970 ikafanywa hifadhi ya makumbusho, na mwandishi Mikhail Sholokhov alikuwa mstari wa mbele kulipigania hilo.

Sasa sikia yaliyonikuta.

Mzee wangu ni fundi mwashi, Tanga, zaidi ya miaka thelathini na mwiko mkononi. Wakati nasoma nilikuwa nampigia simu namsimulia habari za Don, na mambo mawili yalimkaa. La kwanza ni mnyororo wa Stepan Razin. Huyu aliongoza uasi mkubwa dhidi ya tsar, mfalme wa Urusi, wazee wa Kikosaki wenyewe wakamkamata mwaka 1671, wakamshikilia Cherkassk kabla ya kumpeleka Moscow, akauawa huko mwaka huo huo kwa kukatwa viungo, tena kwa mateso. Mnyororo unaosemekana ndio aliofungwa unaning'inia ukutani kwenye kanisa kuu la Starocherkasskaya, pale unapoingilia. La pili ni ukuta wa kanisa lenyewe, lililojengwa kati ya 1706 na 1719. Wenyeji husimulia kwamba Tsar Peter wa Kwanza alipopita hapo aliweka mawe kadhaa kwa mkono wake. Mzee alinikatisha kwenye simu: "Mfalme kashika mwiko? Hilo nitakuja kuliona mwenyewe."

Na kweli akaja. Akauza viwanja viwili akaja kwenye mahafali yangu. Tulikuwa na siku moja ya kutembea, kesho yake alfajiri anaruka kurudi nyumbani.

Mimi nilikuwa sijawahi kufika huko, nilikuwa nasoma tu. Nikamwendea kaka mmoja, Mswahili mwenzetu, aliyekuwa amekaa pale mjini miaka mingi na kazi yake kutembeza wageni wanaotoka nyumbani. Nikamwambia nataka Cherkassk, kwenye kanisa lenye mnyororo. Akasema, "Dogo, hiyo niachie mimi." Rubli 7,000 mkononi kabla ya gari kuwaka. Wakati ule ilikuwa karibu laki mbili na nusu za Bongo. Nililipa bila kubisha kwa sababu ni ndugu, anaongea Kiswahili, na alimwamkia mzee kwa adabu zote.

Tukafika kwenye mji uliokaa kilimani, mitaa mipana, na kanisa kubwa kupita kiasi katikati ya uwanja. Mbele yake sanamu ya Yermak, kiongozi wa zamani wa Wakosaki. Mzee akafurahi, akazunguka lile kanisa mara mbili. Tukaambiwa kuba yake iliporomoka mara mbili wakati wa ujenzi, 1846 na 1863, na likaja kukamilika 1905. Mzee alisimama muda mrefu anaangalia juu, akasema waliokufa kwenye ile kazi hakuna anayewataja. Mimi namsubiri amalize nimwonyeshe mnyororo.

Mnyororo haukuwepo. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza mishumaa ndani. Akaniangalia, akamwangalia mzee, akasema taratibu: "Mwanangu, mnyororo uko Starocherkasskaya. Hapa ni Novocherkassk."

Majina yamekaa kama mtego. Kanisa kuu la Novocherkassk ni Voznesensky, la Kupaa. La kijijini ni Voskresensky, la Ufufuko. Yote mawili yaliitwa kanisa kuu la jeshi la Wakosaki. Mimi nilikuwa nimekariri "Vo" na "sky" nikaridhika. Lakini mimi ni mgeni. Huyu kaka ndiyo kazi yake! Nikamfuata kwenye gari, akaniambia kwamba mimi nilisema Cherkassk na yeye kanileta Cherkassk. Nikamwambia atupeleke basi kwenye ile nyingine. Akataka rubli 5,000 zaidi, na mzee amesimama pale pale anasikia kila neno. Nilipokataa akawasha gari akaondoka. Simu akazima. Nimeishi Urusi miaka sita, nimebaguliwa, nimeibiwa simu kwenye basi, lakini hakuna kitu kilichoniuma kama mtu kuniacha barabarani na baba yangu kwa lugha yangu mwenyewe. Mpaka leo nasikia anaendelea na biashara. Ukifuatwa na mtu anayesema "niachie mimi", usimwachie.

Mkitaka kucheka mcheke, lakini zile nauli zilitoka kwenye kiwanja cha mzee.

Tulipopata teksi na kufika kijijini jua lilikuwa linashuka. Mlango wa kanisa umefungwa. Nikagonga, nikaomba, mlinzi akatikisa kichwa. Mzee akaniambia niache kumsumbua mwenzangu, yuko kazini. Akaenda mwenyewe kwenye ukuta, akaweka kiganja, akakiondoa kina unga mweupe wa chokaa, akaunusa. Halafu akapima kwa shubiri kina cha ukuta pale penye dirisha, anahesabu kimoyomoyo. Hakuniambia amepata ngapi.

Nje, karibu na mnara wa kengele, kuna milango ya chuma ya ngome ya Azov. Wakosaki waliiteka Azov kutoka kwa Waturuki mwaka 1637, wakaishikilia miaka mitano, na walipoondoka wakabeba mpaka milango. Mzee alipitisha kidole kwenye ile misumari ya chuma mmoja mmoja. Hicho ndicho alichokiona Starocherkasskaya, milango isiyofungua chochote. Saa kumi alfajiri tulikuwa uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe una jina la huyo huyo Platov aliyehamisha mji.

Mimi nilirudi peke yangu baada ya mwezi, kwa basi la kawaida, nauli ya kawaida kabisa. Nikafika saa nne asubuhi mlango uko wazi, mnyororo ule pale. Nikatoka nje nikampigia mzee simu ya video, nikampitisha kwenye mitaa ya zile kuren, nikamwonyesha mto. Akaniuliza kama chini ya zile nyumba walitumia mawe au tofali. Tofali, nikamwambia. Akasema alijua. Sasa hivi magoti hayamruhusu safari, kwa hiyo ile siku moja ndiyo ilikuwa yenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na naomba uishike: kama huoni mto Don, hujafika. Usitafute kanisa kubwa, huko yapo kila mahali. Usiulize Cherkassk. Tafuta mto. Ukishuka ukajikuta kilimani, geuka hapo hapo wakati bado asubuhi, usianze kubishana na mtu.

Andika kwenye karatasi kwa herufi zao: Старочеркасская. Inaanza na С, ambayo ndiyo S yao. Ukiona neno linaanza na Н, hiyo ni Novo. Karatasi mwonyeshe dereva kabla mama hajapanda, tena pale kituo kikuu cha mabasi Rostov, usimwonyeshe mkiwa njiani. Muulize huyo huyo basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Kiangazi kuna boti za watalii zinazopanda Don kutoka Rostov, na kwa mama ningechagua boti, kwanza kwa sababu boti haiwezi kukupeleka kilimani. Habari za usalama wa sasa hivi usichukue kwangu, mimi nimeshaondoka, uliza ubalozi. Na kama hujui, uwanja wa Rostov ulifungwa Februari 2022 vita vilipoanza, kwa hiyo usimkatie mama tiketi ya ndege kabla hujahakikisha unafanya kazi.

Chakula: supu ya samaki, wanaiita ukha, na samaki wakavu wa chumvi wanaofanana na ng'onda. Mama atajisikia yuko nyumbani.

Huyo jamaa wa treni ni nani? Kama ndiye ninayemdhania, usimpe hata rubli moja. Ukishapata basi, piga picha ya tiketi uiweke hapa kabla hamjaondoka, nitaisoma.