Barua zenu kuhusu paka: albamu ya marehemu baba, paka wa dhahabu dukani, na watoto wa paka wa porini

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache stempu na sanamu za paka ninazokusanya hapa nyumbani Makole, Dodoma. Barua zimekuja nyingi, na nyingine zimeniliza. Nimechagua tano.

*Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba yetu alikuwa karani wa posta. Kwenye sanduku lake la bati tumekuta albamu ya stempu, kurasa nzima ni paka watupu: wa Tanzania, wa Poland, wa Hispania. Nyingi zina muhuri lakini gundi ya nyuma bado ipo. Kaka anasema ni mali, tuzipeleke Dar tukauze. Je, ni kweli? – Binti wa Karani, Kondoa*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na hiyo gundi. Stempu iliyosafiri kwenye barua hulowekwa majini ili ibanduke, na gundi hutoka. Ukikuta muhuri upo na gundi ipo, tena muhuri wenyewe umekaa kwa adabu kwenye kona, stempu hiyo haikwenda popote. Iligongwa karatasi nzima kwa mkupuo, kisha ikauzwa kwa bei ya chini kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Nchi yetu ilitoa nyingi za namna hiyo miaka ya 1990, zikiwemo za paka wa kufugwa. Ni nzuri kuzitazama, ila sokoni ni za bei ndogo. Mwambieni kaka asipoteze nauli ya basi kwa ajili ya hizo.

Za Poland ninazifahamu kwa mapenzi. Ni seti ya 1964, stempu kumi, na wakusanyaji wengi huihesabu kuwa ya kwanza kutolewa kwa ajili ya paka peke yao. Nazo si ghali. Ile ya Hispania itazameni vizuri: kama ina ndege na sura ya rubani Charles Lindbergh, ni ya 1930, na pale pembeni chini kuna paka mdogo anaitazama ndege ikiondoka. Baba yenu aliiweka kwenye kurasa za paka, si za ndege. Hapo namwona mtu aliyekuwa na jicho.

Tafuteni pia kama aliweka yoyote ya paka wa anga. Tarehe 18 Oktoba 1963 Wafaransa walimrusha paka jike kwa roketi kutoka jangwa la Algeria. Alikaa angani kama dakika kumi na tatu, akarudi salama. Alikuja kuuawa baadaye ili ubongo wake uchunguzwe, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Jina lake Félicette. Baadhi ya stempu zilizotolewa baadaye kumkumbuka zilimwandika "Félix", kana kwamba ni dume. Mkiikuta hiyo, naomba mniandikie tena.

Sasa ombi langu kubwa. Mkikuta bahasha nzima za zamani zenye stempu na muhuri wa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, msizikate kutoa stempu. Muhuri wa posta ndogo kwenye bahasha iliyotumwa kweli ndio unaotafutwa, maana unaonyesha barua ilipita wapi na lini. Shikeni stempu kwa kibano, si kwa vidole. Ukavu wa huku kwetu unazifaa. Jua na mchwa ndio wabaya wake. Na albamu isigawanywe. Karani aliyepanga paka wa dunia nzima akiwa Kondoa ameacha historia, hata kama hakuacha utajiri.

*Habari ya kazi, Mama. Nauza vifaa vya simu karibu na Soko la Majengo. Nina paka wa dhahabu wa Kichina anayepunga mkono mchana kutwa. Jirani anadai ana jini, eti mbona hachajiwi na hachoki? Na anamuaga nani? – Kijana wa Majengo*

Hamuagi mtu, mwanangu, anaita. Inua mkono, kiganja kiangalie chini, halafu kunja vidole: si ndivyo unavyomwita mteja aliye ng'ambo ya barabara? Wajapani nao huita hivyo hivyo, na paka huyo ni wa Japani, ingawa wengi wa leo hutengenezwa China. Wazungu ndio wanaodhani anapunga, kiasi kwamba wapo waliotengenezewa wa kwao wenye kiganja kilichogeuzwa.

Hekalu la Gotokuji, Tokyo, lina hadithi yake: bwana mkubwa Ii Naotaka alikuwa akipita, paka wa hekalu akamwita kwa mkono, akaingia ndani, na mara dhoruba ikapiga huko nje alikotoka. Alilifadhili hekalu hilo tangu hapo. Leo wageni huacha hapo sanamu nyeupe za paka, zimejaa rafu kwa rafu.

Kuhusu jini, mfungue chini umwonyeshe jirani. Utakuta koili ya waya mwembamba, na mkono wenyewe una sumaku kwenye ncha yake ya ndani. Umeme mdogo wa betri, au wa kile kibao cheusi kinachokula mwanga, hupita kwenye koili na kuisukuma sumaku kidogo kila inapopita. Mkono ni mwepesi, umewekewa uzito sawasawa, basi msukumo huo unatosha. Kama dini yako inakukataza kuweka alama za bahati dukani, mtoe kwa sababu hiyo. Usimtoe kwa hofu.

*Shikamoo. Niko kidato cha pili hapa Dodoma. Kwa nini Wamisri waliabudu paka? – Mwanafunzi*

Marahaba. Anza na ghala, mwanangu, kabla ya hekalu. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walikuja, na paka mwitu wakawafuata panya. Huko Kupro wachimbaji walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu na paka wamelazwa karibu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, maana yake mtu alimpakia paka kwenye chombo akavuka naye bahari. Ukitaka kuiona sababu yake leo, nenda Kibaigwa wakati wa mavuno, uingie ghala la mahindi jioni, utazame paka wanavyotembea juu ya magunia.

Wamisri nao waliishi kwa nafaka. Mungu wao wa kike Bastet kwanza alichorwa na kichwa cha simba jike, karne zilivyopita akawa na kichwa cha paka, na mji wake ulikuwa Bubastis. Herodotus, mwandishi wa historia wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba paka wa nyumbani akifa, waliomo humo hunyoa nyusi. Lakini usimeze picha nzuri tupu. Maiti nyingi za paka zilizokaushwa zilikuwa sadaka za kuuzwa kwa mahujaji, na eksirei zimeonyesha paka wachanga waliovunjwa shingo kwa makusudi. Mwaka 1890 shehena ya maiti hizo, takriban tani 19, ilipelekwa Liverpool ikasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Maelfu kwa maelfu ya miili iliyohifadhiwa karne nyingi ikaishia hivyo! Ukipata nafasi tafuta picha ya paka wa shaba wa Gayer-Anderson, aliye jumba la makumbusho la Uingereza, mwenye hereni na pete ya pua za dhahabu. Huyo ndiye ningemchagua kati ya sanamu zote duniani.

*Mwanangu wa darasa la kwanza hataki begi lolote ila la Hello Kitty. Anabishana na kaka yake kama yule ni paka. – Mama Neema, Nkuhungu*

Hello Kitty ni wa kuchorwa: kampuni ya Sanrio ya Japani ilimbuni mwaka 1974, na mwaka 2014 ikasema ni msichana mdogo, si paka. Nyumbani kwake ni London, na anafuga paka wake mwenyewe. Kaka ana masikio na masharubu upande wake, mdogo mtu ana Sanrio.

*Nachunga ng'ombe Bahi. Kichakani nimekuta watoto watatu wa paka, kijivu wenye michirizi. Mama yao niliwahi kumwona, miguu mirefu, masikio mekundu kwa nyuma. Nimpelekee mke wangu mmoja awinde panya? – Mchungaji*

Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Maelezo yako yanamfaa paka mwitu wa Afrika. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani wametokana na jamii yake ya Mashariki ya Kati. Umekutana na ndugu wa damu wa wale wa Bubastis, na wapo hapa hapa Bahi. Hatari yao kubwa ni kuzaana na paka wetu hadi damu yao ipotee, pamoja na magonjwa tunayowapelekea. Tena kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Waache palepale na uwapitishe ng'ombe mbali. Mama huenda kuwinda na kurudi. Kama umeshambeba mmoja, mrudishe leo kabla ya giza. Ukiona siku imepita na mama hajaonekana, mwone afisa wanyamapori wa wilaya. Kwa panya wa nyumbani, chukua mtoto wa paka kwa jirani, mchanje chanjo ya kichaa cha mbwa, na mwombe mke wako asiweke sumu ya panya: paka hufa kwa kula panya aliyekula sumu hiyo.