Mhasibu au wakili wa kodi?

Ndugu, umeuliza barua ya makadirio ya kodi, ya kipato chako na ya biashara, umpelekee nani. Kwanza tazama tarehe iliyoandikwa juu yake. Muda wa kuweka pingamizi una kikomo, na ukipita, hata hesabu iliyokosewa inaweza kubaki kuwa deni lako. Kama shida ni hesabu tu, mfano gharama iliyosahaulika au risiti ambayo haikuingizwa, mhasibu mzuri anatosha. Lakini maofisa wa mamlaka ya kodi wakianza kutaja udanganyifu, au kuhoji kwa nini pesa za biashara zilipitia akaunti yako binafsi, muone wakili wa kodi kabla hujajibu chochote. Katika nchi nyingi unayomweleza wakili yanalindwa na sheria, ilhali mhasibu anaweza kulazimishwa kuyatoa. Nenda na taarifa za benki, ritani zote, yaani fomu za kodi ulizowasilisha, na hata bahasha ya barua hiyo, maana muhuri wa posta unaonyesha barua ilitumwa lini. Na tafadhali sana, usimlipe anayekuahidi kufuta deni lote kabla hajaona karatasi zako. Sehemu usiyoipinga anza kuilipa, kwa sababu riba huendelea kupanda wakati mnabishana.