Re: Mizigo ya familia Disney World

Dada, umeuliza mbebe nini Magic Kingdom, ile bustani ya michezo ya Disney World kule Florida, na watoto wawili na bibi yao. Punguza! Begi moja la mgongoni linatosha. Chakula unaruhusiwa kuingia nacho kwa hiyo chapati zako funga tu, ila chupa za glasi hapana, na vipande vya barafu vilivyo wazi hapana, kupoza chakula tumia zile pakiti za jeli zilizogandishwa. Maji usijitwishe, migahawa ya kaunta ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bure. Kigari cha mtoto kisizidi upana wa sm 79, makoti ya mvua weka chini yake maana Florida kiangazi mvua inashuka mchana ghafla, halafu funga kitambaa chekundu kwenye mpini, vigari vinajazana pale nje ya michezo mnapoviacha na wahudumu huwa wanavihamisha, bila alama utazunguka wee. Pochi na simu usiache humo.