Msitu wa kijiji na mizinga ya magome

Ndugu yangu wa Sikonge, Tabora, umeuliza kama kijiji chenu kinaweza kuuhifadhi msitu wa miombo uliobaki bila kuwanyima riziki warina asali na wachoma mkaa. Kinaweza, ila anzeni na makubaliano kabla ya doria. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, mradi mkutano mkuu wa kijiji uridhie, mipaka ijulikane, na mpango wa usimamizi pamoja na sheria ndogo vifikishwe halmashauri ya wilaya. Msipitishe azimio wakati wafugaji na wakulima wa tumbaku hawapo mkutanoni, kwa maana hao ndio watakaolivunja. Kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, zitajeni waziwazi: zikatwe wapi, na nani apande miti ya kufidia.

Kuhusu asali, ningeanza na mzinga wenyewe. Gome la mtundu, mmoja wa miti ya miombo, likivuliwa mzunguko mzima ili kutengeneza mzinga, mti hufa ukiwa umesimama, ilhali ndio uliokuwa ukiwapa nyuki maua. Mzinga wa mbao, hata uliogongwa na fundi wa hapo kijijini, hudumu misimu mingi na hukuwezesha kurina asali iliyoiva tu, ukiacha masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Tumieni bomba la kufukizia nyuki moshi badala ya mwenge, kwani cheche moja ikidondoka kwenye nyasi za Agosti inatosha kuteketeza miche yote iliyochipua.

Mkaa, kwa maoni yangu, usubiri mpango wa uvunaji ukamilike.