Salmonela kwenye damu bila kuharisha, inakuwaje?

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza inawezekanaje daktari ahisi bakteria wa salmonela wameingia kwenye damu ya kaka yako, anayeishi na VVU na ameacha ARV, wakati hata kuharisha hakuharisha.

Inawezekana kabisa. Mwenye kinga nzuri, salmonela ikigusa ukuta wa utumbo, seli za CD4 (askari wa kinga ya mwili) zinazotoa kemikali ya IL-17 huita neutrofili, yaani seli nyeupe za damu zinazomeza bakteria. Utumbo unavimba, anaharisha siku chache, lakini bakteria wengi wanakwamia humo humo. Sasa VVU huziua CD4 za utumbo mapema mno. Mlango ukikosa askari, bakteria hupenya hadi kwenye damu, na mara nyingi unachokiona ni homa tu.

Msitegemee Widal, kile kipimo cha damu cha homa ya matumbo, inadanganya sana. Ombeni damu ioteshwe maabara, tena kabla ya antibayotiki, ili ijulikane ni dawa ipi inawaua bakteria hao, maana salmonela nyingi za Afrika zimeshakuwa sugu kwa ampisilini na septrini. Dozi aimalize. ARV arudie kwa mpango wa daktari, asijianzishie nyumbani.