Picha za video zinapovurugika: je, kioo ndicho kibovu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilinunua Kariakoo kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, nayo imenihudumia vizuri katika kazi zangu zote. Juzi mpiga video aliyerekodi sherehe ya kumuaga mdogo wangu alinipa flashi yenye video nzima, lakini nikiifungua, picha inakatika vipande vya mraba, sehemu ya chini inageuka kijani, na nyuso za watu zinavutika kama rangi iliyomwagiwa maji. Sauti ni safi. Video fupi ninazotumiwa kwa simu huonekana bila kasoro katika kompyuta hiyo hiyo. Fundi wa mtaani kwetu anasema kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha zinazoonekana kiooni, imekufa na kioo nacho kinakaribia, hivyo ninunue vyote viwili. Je, nifuate ushauri wake?
Msomaji, Tabata

JIBU: Dada, usinunue chochote bado. Kwanza mpigie simu mpiga video umwombe asifute kumbukumbu alizonazo mpaka uhakikishe nakala yako ni nzima, kwa maana kompyuta hununulika tena, ila siku ile ya mdogo wako haitarudi.

Kioo hakijui kama kinaonyesha video ya sherehe au ya simu. Kingekuwa kibovu, kingeharibu zote, pamoja na picha za kawaida na maandishi. Ukitaka kujiridhisha, simamisha video pale ilipovurugika, bonyeza kitufe cha Print Screen, bandika picha hiyo katika programu ya Paint, uihifadhi, kisha uitazame kwenye simu. Ikiwa vipande vinaonekana hata huko, kioo na waya wake havina kosa.

Ili uelewe nyuso zinavutika kwa nini, ni vyema ujue kwamba faili la video halihifadhi kila picha kwa ukamilifu, kwani lingekuwa kubwa mno. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa muda fulani huandika tu yale yaliyobadilika, kama vile mkono ulioinuliwa au mtu aliyepita, mpaka ifike picha nyingine nzima. Data ikikosekana katikati, mabadiliko mapya hupakwa juu ya picha iliyokwisha kuharibika, na kosa la nukta moja, yaani kipunje kimoja cha picha, huburutwa kwa sekunde kadhaa. Sauti husalimika kwa sababu huhifadhiwa katika mkondo wake wenyewe.

Basi cheza video mara mbili, ukiandika dakika ambazo uharibifu unatokea. Ukitokea mahali pale pale kila mara, na vilevile katika kompyuta ya jirani, faili lenyewe ndilo bovu. Huenda flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kumalizika, na hapa nisisitize jambo linalowaumiza wengi: zipo flashi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa gigabaiti nyingi kuliko zilizonazo, ambazo hupokea faili, huonyesha ukubwa sahihi, lakini sehemu iliyozidi uwezo wake haikuhifadhiwa kamwe. Nenda kwa mpiga video na flashi nyingine unayoiamini, au diski ya nje, unakili upya.

Ukiona uharibifu unahama, au kwa jirani video ni safi, tatizo ni jinsi kompyuta yako inavyoifungua. Weka programu ya VLC, ambayo shirika la VideoLAN huitoa bure. Fungua video humo, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja ili uone kodeki iliyotumika, yaani mfumo wa kubana video ili faili liwe dogo na kuifungua wakati wa kuitazama. Nadhani utakuta H.265, mfumo uliopitishwa mwaka 2013, ambao kadi za picha za kompyuta nyingi kuukuu hazina uwezo wa kuufungua. Kama pia imerekodiwa kwa 4K, kila picha ina nukta 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya zile za 1920 kwa 1080, na kompyuta hulemewa. Bonyeza Ctrl na P, nenda sehemu ya kodeki, uzime ufunguaji unaosaidiwa na kadi ya picha, halafu uanze video upya. Picha ikitulia, dreva ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, ndiyo ya kusasishwa, kutoka kwa mtengenezaji wa kadi hiyo. Ikiendelea kukwama, mwombe mpiga video akutolee nakala ya H.264 yenye nukta 1920 kwa 1080. Mfumo huo umekuwapo tangu 2003, na kompyuta yako itaumudu.

Joto nalo lisisahaulike katika jiji letu. Vurugu ikianza baada ya nusu saa, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake, upulize vumbi huku umeishika feni isizunguke.

Fundi wako angekuwa na haki kwa dalili moja: mistari au madoa yanayoonekana tangu unapowasha kompyuta, nembo ya mtengenezaji ikiwa kiooni na Windows haijafunguka, kwa sababu wakati huo hakuna video wala dreva ya kulaumiwa. Iwashe mbele yake mtazame pamoja. Nembo ikitokea safi, mwombe akueleze ni kipimo gani kilichomwonyesha kwamba kadi imekufa.